Kebo Iliyokunywa Mvua

Kwa miezi minne nilikuwa na antena bora kuliko zote nilizowahi kufunga. Ndivyo kipimo kilivyosema. Waya wa shaba wa mita 20 uliokatwa kwa ajili ya bendi ya mita 40, umegawanywa katikati, na hapo katikati imening'inia kebo nyembamba ya mita 30 inayopita tawi la mwembe, ukingo wa paa, hadi dirishani kwangu. Mezani palikuwa na tyuna ya otomatiki niliyoinunua kwa fedha ya pikipiki. Nikibonyeza kitufe, rilei zinagongana ndani yake kama kete za bao zinapomiminwa, sekunde tatu hivi, kisha kimya, taa ya kijani. Bendi yoyote, hata zile ambazo waya ule haukuwa na haki nazo. Masika yalipoanza mambo yakazidi kunoga: kwenye bendi ya mita 10, ambako kipimo kilikuwa kikisoma 3 na ushei, sasa kilisoma 1.5 hata kabla sijaigusa tyuna.

Tatizo likawa moja tu: wachache waliokuwa wakinijibu nao wakapotea.

Siku niliyoishusha kebo na kuichana kwa kisu, yalitoka maji. Ule wavu wa shaba wa ndani, ambao kebo ikiwa mpya hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, ulikuwa mweusi, na karibu na kichwa cha kebo ulikuwa umeota kutu ya kijani. Muuzaji aliniambia ni ya kukaa nje. Simtaji, huenda naye aliambiwa hivyo. Nguvu ya redio ilikuwa ikimezwa njiani wakati wa kwenda, na kile kidogo kilichogonga antena na kugeuka kikamezwa tena wakati wa kurudi. Kipimo kikakaa pale kinangoja marejeo, hayaji. Kiliona kimya kikadhani ni amani.

Nilikibeba kipande cha kebo hiyo hadi barazani kwa Spaki, Raskazone, Tanga, nikitegemea kuchekwa kidogo na kupewa kahawa. Vyote viwili nilivipata, pamoja na ubishi wa siku mbili. Nauandika hapa kama ulivyokwenda, nikiacha matusi na sehemu ya mpira.

Wabishi walikuwa watatu. Spaki ndiye mwenye baraza. Alikuwa mpiga redio wa melini, na jina hilo ndilo walilopewa wapiga redio wa meli tangu enzi za mitambo ya cheche. Ukutani kwake ipo saa ya chumba cha redio yenye vipande viwili vyekundu, kimoja kinaanzia dakika ya 15 na kingine dakika ya 45, kila kimoja cha dakika tatu. Fundi ni binti wa elektroniki anayekaa ghorofa ya nne Upanga, Dar es Salaam. Alikuja Tanga wikiendi ile na begi moja, vifaa vingi nguo chache. Mwalimu anafundisha fizikia sekondari na hana haraka na kitu chochote. Wote wana leseni za redio ya ridhaa kutoka TCRA na alama za mwito zinazoanza na 5H. Nami ninayo, ingawa siku ile niliona haya kuitaja.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi mbele ya redio ya namna hii: redio ya kisasa hutaka kuona omu 50 upande wa pili. Antena haijui hayo. Yenyewe hubadilika kwa kila masafa, kwa urefu wa waya, kwa kimo, hata kwa bati la jirani. Zisipolingana, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka. Kipimo cha SWR husoma marejeo hayo: 1 maana yake hakuna kinachorudi, 2 ni asilimia 11, 3 ni robo nzima. Tyuna ni koili na kapasita zinazokaa katikati na kuwasuluhisha hao wawili. Ya mkono unaizungusha mwenyewe. Ya otomatiki ina kompyuta ndogo inayofyatua rilei mpaka suluhu ipatikane. Basi.

SPAKI (anainusa kebo): Hii imekufa kitambo, bwana. Ulikuwa ukiongea na maiti. Na kilichokuficha msiba ni hicho kisanduku chako. Ungekuwa unazungusha kwa mkono ungejua. Jana koili ilikaa kwenye namba 12, leo inataka 19, unajiuliza kuna nini, unatoka nje kutazama. Kisanduku hakijiulizi. Kinahesabu, kinapata, kinawasha taa.

FUNDI: Niwie radhi Babu, hapo unakisingizia. Kebo imeoza, imeshtakiwa tyuna. Tyuna yako ya vifundo vitatu nayo ingezungushwa mpaka mshale ulale, na kebo ingebaki imeoza vilevile. Tena yako ina hatari ambayo yangu haina.

SPAKI: Ipi?

FUNDI: Ina kapasita mbele, kapasita nyuma, koili katikati. Mpangilio huo una majibu mengi kwa swali moja. Mshale unalala hapa, unalala na pale, na kote mtu anashangilia. Lakini jibu moja linapitisha nguvu, mengine yanapika koili. Wangapi wanajua kwamba kapasita ziwekwe kubwa kadiri inavyowezekana ili koili ibaki ndogo? Nimeletewa tyuna hizo zitengenezwe, koili imeyeyusha plastiki iliyoishikilia, na mwenyewe anaapa kipimo kilisoma 1.

SPAKI: Huyo hakufundishwa.

FUNDI: Sawasawa. Na yangu haimdai hayo mafunzo. Ina upande mmoja wa koili na upande mmoja wa kapasita, mpangilio wa herufi L. Koili saba, kila moja kama maradufu ya mwenzake, kapasita saba vilevile, na rilei moja ya kuamua kapasita zikae upande wa redio au upande wa antena. Mwalimu, hesabu.

MWALIMU: 128 mara 128, mara 2. Michanganyiko 32,768.

FUNDI: Na haiijaribu yote. Inaanza kwa hatua pana, inaona nafuu iko upande gani, halafu inasogea kidogo kidogo. Babu ungemaliza keshokutwa.

SPAKI: Nikimaliza nitakuwa najua nilichokipata.

Akainuka. Hapa lazima niwasimamishe wabishi kidogo, kwa sababu alichofanya Spaki ndicho kilichonifanya nianze kuandika. Aliketi mbele ya redio yake, akavaa vifaa vya masikioni vilivyobandikwa plasta upande mmoja, akafungua sauti. Hakurusha chochote. Alishika kifundo cha kwanza kwa dole gumba na vidole viwili, namna mtu anavyoshika bilauri ya chai ya moto, akakizungusha taratibu huku akisikiliza ule mvumo wa hewani ambao haumwambii mtu wa kawaida kitu. Mvumo ukapanda, kama mvua inayosogea juu ya mabati kutoka nyumba ya tatu. Akapita kileleni kidogo makusudi, akarudi. Kifundo cha pili, vilevile. Ndipo akashusha nguvu hadi wati 10, akabonyeza: kwenye kipimo mishale miwili ikainuka ikakatana, akasogeza koili upana wa ukucha, akaachia. Hewani alikaa sekunde mbili, kama zilifika. Fundi hakusema neno, lakini nilimwona anavitazama vidole vile.

SPAKI: Kijana wa kitufe hasikilizi. Anaangukia masafa ambayo watu wanazungumza, anabonyeza, piiiiiii juu ya vichwa vyao, sekunde tano, kumi. Akiulizwa anasema ni mashine.

FUNDI: Hiyo ni adabu, Babu. Tyuna haina kosa.

SPAKI: Unaiona saa ile? Kila saa na robo, na kila kasorobo, dakika tatu, kwenye 500 kHz bahari zote zilinyamaza. Hata uwe na telegramu ya mfalme. Unanyamaza unasikiliza kama kuna mtu anazama. Mwaka 1999 mfumo wa satelaiti na mashine ukachukua kazi, wakasema sasa mashine itasikiliza. Sisemi imefanya vibaya. Nasema mtu aliyelelewa na kitufe hajui kwamba kusikiliza ni kazi.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Nikaona nyuma ya bahasha ya bili ya maji imejaa tarakimu.

MWALIMU: Nyote wawili mnagombana juu ya meza, na mgonjwa yuko nje. Ngoja kwanza niwaulize. Nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, inakwenda wapi?

MIMI: Inaunguza redio.

MWALIMU: Ndivyo tunavyoambiana. Yupo mhandisi Mmarekani, Walter Maxwell, aliyefanya kazi RCA kwenye antena za satelaiti za TIROS. Kuanzia mwaka 1973 aliandika mfululizo wa makala katika jarida la QST kuwaondoa watu hofu hiyo. Nguvu iliyorudi ikifika kwenye tyuna iliyokaa sawa inageuzwa, inakwenda tena kwenye antena. Mpira unadunda ukutani, unadakwa, unarushwa tena. Haupotei. Kinachoupoteza ni njia: kila safari kebo inakata ushuru wake. Kebo ya ushuru mdogo, dunda utakavyo. Kebo ya ushuru mkubwa, kila dundo ni hasara.

SPAKI: Ndiyo maana mimi natumia ngazi.

Anamaanisha waya mbili sambamba zinazopanda hadi kwenye antena yake zikitenganishwa na vipande vya bomba la plastiki alivyovikata mwenyewe, kila baada ya shubiri mbili hivi, mpaka zinaonekana kama ngazi ya kupandia. Njia hiyo karibu haina ushuru. Louis Varney, Mwingereza aliyeubuni mwaka 1946 ule waya wa mita 31 unaojulikana kwa alama yake ya mwito, G5RV, aliushushia ngazi ya namna hiyo, na katika bendi nyingi alitegemea tyuna imalizie kazi.

MWALIMU: Sasa tuje kwa huyu bwana. Waya wako umekatwa kwa mita 40. Huko kwenye bendi yake, na kebo ikiwa kavu, kati ya wati 100 zingefika 75 hivi. Hakuna ubaya. Lakini uliupeleka mita 10. Mawimbi ni mafupi mara nne, na pale katikati waya ule sasa unaonyesha omu elfu kadhaa. Tuseme SWR ni 60.

MIMI: Kipimo kilisoma 3 na ushei.

MWALIMU: Mezani. Juu mwembeni ilikuwa 60. Kebo nyembamba ya mita 30 kwenye 28 MHz inapunguza desibeli 2.5 kwa safari moja tulivu. Marejeo yamepita mle mara mbili, yamekufikia yamechoka, kipimo kikaona 3.4. Tyuna yako ikaimaliza hiyo 3.4 kwa furaha. Zilizotoka kwenye antena, kabla mvua haijanyesha, ni wati 5.

Nilimwomba arudie. Akarudia kwa utaratibu ule wa mtu aliyezoea kidato cha pili. Wati 5 kati ya 100, kebo mpya, taa ya kijani. Nilikuwa nimekuja kuilalamikia mvua, kumbe mvua ilikuta nimekwisha kuibiwa.

MWALIMU: Kebo ilipolowa, kipimo kikawa 1.5. Kwa kukisia kutoka hapo, juu zilikuwa zinafika wati moja na nusu. Ukitaka kipimo kinachosoma 1 siku zote, bwana, funga rezista ya omu 50 badala ya antena. Haitakuudhi kamwe.

FUNDI: Mimi sitetei wati 5. Lakini Mwalimu usimtishe mtu kwa wati. Masafa ya 14.100 MHz unayasikilizaga?

MWALIMU: Nayasikiliza.

Ni mnara wa taa, ila kwa masikio. Vipo vituo 18 duniani vinavyopokezana masafa hayo, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Baada ya zamu ya ZS6DN wa Pretoria hufuata 5Z4B wa Kenya. Kila kituo kinapiga jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati.

FUNDI: Wa tatu umewahi kuusikia?

MWALIMU: Wa Pretoria, mara nyingi.

FUNDI: Wati moja. Kilometa zaidi ya elfu mbili. Basi huyu na wati yake moja na nusu alishindwaje?

MWALIMU: Kwa sababu mimi nilikuwa namngoja yule. Najua sekunde yake, najua masafa yake, na ni mstari mmoja wa sauti moja. Huyu alikuwa anasema kwa mdomo katikati ya soko, hakuna anayemjua, hakuna anayemngoja.

FUNDI: Sawa, lakini chukua mtu aliyepoteza robo tatu ya nguvu. Wati 100 zimekuwa 25. Kwenye mizani ya mpokeaji hiyo ni alama moja ya S. Alikuwa 7, amekuwa 6. Mazungumzo yanaendelea. Mnapozungumza nyie wenye viwanja mnasema kana kwamba mtu akipoteza desibeli 6 amekufa. Mimi nakaa ghorofa ya nne. Mwenye nyumba akiona waya mnene anapiga simu. Antena kamili ya bendi ya mita 80 ni waya wa mita 40, ya mita 40 ni mita 20, ya mita 20 ni mita 10. Nipe uwanja wa kuzifunga zote na mimi nitawaambia tyuna ni uzembe. Nina waya mwembamba wa mita 12 kutoka kwenye nondo za baraza hadi mti wa barabarani. Bila tyuna sina redio. Bila tyuna ya otomatiki nina redio ya bendi moja, kwa sababu kisanduku kiko nje ya dirisha na mkono wangu haufiki.

Nadhani hapo ndipo mjadala ulipogeuka, ingawa hakuna aliyegundua mara moja. Spaki alikuwa bado anataka kumalizia la kwake.

SPAKI: Zamani redio za valvu zilikuwa na tyuna tumboni. Kifundo cha kwanza, kifundo cha pili, unaitazama mita inashuka, umemaliza. Hazikuogopa antena. Zilipokuja za transista zikaletwa hazina vifundo, zinataka omu 50 tu, zikiona 2 zinapunguza nguvu kwa woga. Leo ndani yake wanaweka tyuna ndogo inayofika SWR 3 basi, halafu unauziwa nyingine ya nje. Umeondolewa kifundo bure, unauziwa kitufe.

FUNDI: Babu, melini, kwenye hiyo 500 kHz, wimbi lina urefu gani?

SPAKI: Mita 600.

FUNDI: Robo yake ni mita 150. Meli gani ilikuwa na antena ya mita 150 kwenda juu?

SPAKI (anacheka): Hakuna. Ulikuwa waya kati ya milingoti, mfupi kabisa kwa wimbi lile.

FUNDI: Kwa hiyo maisha yako yote umekula kwa tyuna.

SPAKI: Nimekula. Lakini sikia. Waya ulishuka kutoka mlingotini, ukapita kwenye kigae kikubwa cha kauri ukutani, ukaingia chumba cha redio, ukafungwa kwenye mtambo. Hapakuwa na kebo. Koili ilikuwa pale pale mguuni pa waya, na mimi nilikuwa pale pale kwenye koili.

Kimya kidogo. Mwalimu aligeuza bahasha upande wa pili.

MWALIMU: Rudia hilo la mguuni.

Akaandika mistari miwili. Waya uleule wa mwembeni, kebo ileile nyembamba ikiwa kavu, tyuna ileile ya pikipiki, lakini tyuna imepanda juu ya mti, imefungwa pale kebo inapokutana na waya. Sasa kebo yenyewe inaona omu 50, haidundwi na kitu, inakata ushuru wake wa safari moja tu. Kati ya wati 100 zinafika 56. Badala ya 5. Tyuna nayo itakula kidogo chake, akasema, tuiachie.

Msimamo wangu niuseme hapa. Swali la mkono au mashine tulilolibishania tangu asubuhi lilikuwa swali la mtu aliyekwisha kuamua kwamba tyuna inakaa mezani. Mezani, pamoja na ngazi ya Spaki, mkono unatosha na una elimu yake. Mezani pamoja na kebo nyembamba, hata malaika azungushe, unaisuluhisha redio huku antena na kebo zinaendelea kuuana nje. Na mguuni pa waya, juu ya mti au nje ya dirisha la ghorofa ya nne, huwezi kuweka mkono. Hapo otomatiki siyo uvivu. Ni yenyewe tu inayoweza kwenda.

Spaki hakulikubali lote. Alianza kuuliza maswali ya baharia: maji yataingilia wapi, chumvi itakula nini, radi ikipiga je. Haya yalikuwa ya maana kuliko tuliyoyabishania mwanzo. Nyumba zote za Raskazone zinapumua bahari. Ukiacha skrubu ya chuma nje mwezi mmoja unaikuta imevaa shati la kahawia. Fundi akamwonyesha alichobeba begini: tyuna ya ATU-100, zile ambazo ramani yake iliachwa wazi kwa yeyote aitakaye na sasa vipande vyake vinauzwa kila mahali, koili saba na kapasita saba kama alivyosema, ameiunganisha mwenyewe na kuitia ndani ya kopo la aiskrimu. Spaki alilishika kopo lile akaligeuza.

SPAKI: Tundu la maji liko wapi?

FUNDI: Nimeziba lote.

SPAKI: Usizibe lote. Toboa moja dogo chini kabisa. Maji yataingia tu, mwanangu. Yape njia ya kutoka. Na liwe dogo lisipite mjusi. Mjusi akiingia anataga.

Fundi akacheka, lakini usiku ule alitoboa, tena akaweka kipande cha wavu wa dirisha.

Walibishana tena juu ya waya wa pili. Mtu wa ghorofani akitundika waya mmoja nje akasahau kwamba mkondo unahitaji upande wa kurudia, redio inajitafutia yenyewe: kupitia kebo, meza, hata wewe. Fundi aliwahi kuungua mdomo kwenye kipaza sauti, kidoa cheupe mdomo wa chini, akadhani ni ugonjwa. Sasa ana waya nne za urefu tofauti zimelazwa chini ya zulia la barazani, na mama yake hajui. Mwalimu alitaka kueleza kwa nini za urefu tofauti; tukamwomba tule kwanza.

Jumapili mchana tukapanda mwembe wangu, yaani Fundi alipanda, sisi tulishika ngazi na kutoa maoni. Kopo likafungwa kwenye tawi kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kebo mpya, hii niliikagua mwenyewe dukani kwa kukata ncha yake mbele ya muuzaji. Waya mwembamba wa volti 12 ukafuatana nayo. Vichwa vya kebo vikavalishwa mpira wa ndani ya tairi na juu yake gundi, kazi ya Spaki, aliyefunga kila kimoja kutoka chini kwenda juu ili maji yateleze kama kwenye vigae. Kazi ile ilichukua saa nzima. Hakuna aliyemharakisha.

Tukaingia ndani. Fundi akakaa mbele ya redio, akaweka 28 MHz na ushei, nguvu wati 10, kidole juu ya kitufe. Saa yangu ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa kumi na moja kasorobo.

Spaki akainua mkono.

Sidhani kama alikusudia. Mkono ulipanda wenyewe, kiganja mbele, namna askari wa barabarani anavyosimamisha gari, na macho yalikuwa kwenye saa. Fundi akaondoa kidole kitufeni. Tukakaa. Redio ilikuwa wazi: mvumo, kwa mbali mlio wa inveta ya jirani, mara moja kitu kama sauti ya mtu kikainuka chini ya mvumo kikazama kabla hatujajua ni lugha gani. Mwalimu alifunga macho. Nje embe lilianguka juu ya bati.

Mshale ulipovuka dakika ya 48 Spaki akashusha mkono, na Fundi akabonyeza. Juu ya mwembe, kwa mbali, kete zikamiminwa. Kipimo kikatulia kwenye 1.3. Mimi na Mwalimu tuliinama kukisoma. Spaki alikuwa ameshachukua vifaa vya masikioni mezani, anafuta upande mmoja kwa kanzu yake kabla ya kuvaa.